Wasomaji wanauliza: mgongo, kano na moyo wa mbeba vyuma

SWALI: Habari za kazi ndugu washauri. Nina miaka 26, huu ni mwaka wangu wa nne jimu. Dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) nimefika kilo 180. Tangu mwezi jana nikiinama kuokota hata kiatu, maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako la kushoto na kushuka hadi kwenye kigimbi. Wenzangu wanasema ni msuli tu, nivae mkanda nikaze. Nifanyeje?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yetu, usikaze. Maumivu ya msuli wa kiuno kwa kawaida hubaki kiunoni au takoni. Yakishavuka goti na kushuka kigimbini, mara nyingi kinachobanwa ni mshipa wa fahamu unaotoka katikati ya pingili za chini za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ifikirie kama tairi dogo: nje ukingo mgumu wa nyuzi, ndani ute mzito. Ukinyanyua mzigo mkubwa huku mgongo umepinda, ute unasukumwa kuelekea nyuma na nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Jambo hilo linaweza kwenda miezi bila wewe kuhisi chochote, kwa sababu sehemu ya ndani ya diski haina mishipa ya maumivu. Ndiyo maana watu huapa kwamba mgongo ulikatika ghafla wakiokota kiatu. Kiatu hakina kosa.

Kwanza jikague leo hii. Je, una ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale panapogusa tandiko la baiskeli? Mkojo unakataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua? Unyayo unaburuza ukitembea? Ukiona hata moja kati ya hizo, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, usilale nayo nyumbani.

Kama hakuna, wengi wenye shida hii hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Acha dedilifti, skwati (kuchuchumaa na kuinuka, mara nyingi na chuma mabegani) na kila zoezi la kuinama. Lakini usijilaze kitandani: tembea dakika 10, mara tatu kwa siku. Saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname kabisa, maana usiku diski hunyonya maji na kuvimba, na asubuhi ndipo inapoelemewa zaidi ukiinama.

Kisha kila siku fanya haya. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kitulie kama meza, shikilia sekunde 8 hadi 10, badilisha upande. Halafu lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, muda uleule. Mwisho lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, nyanyua kichwa na mabega sentimita chache tu. Kila zoezi mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Maumivu yakianza kurudi juu, yaani yanaondoka kigimbini na kubaki takoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Wiki 6 zikipita mguu bado unauma, muone daktari wa mifupa au wa neva.

Utakaporudi, usianzie chini sakafuni. Weka chuma juu ya matofali, kiwe usawa wa chini kidogo ya goti, kilo 60, seti 3 za mara 8, na usiongeze zaidi ya kilo 5 kwa wiki. Mkanda unalipatia tumbo kitu cha kusukuma, basi. Mgongo uliopinda ndani ya mkanda ni mgongo uliopinda. Na kile kinachowaumiza vijana wengi zaidi ya chochote, kupima uwezo wa mwisho kila Jumamosi mbele ya wenzao, kifanyike mara moja kwa miezi 3 au 4. Siku nyingine zote weka chuma chini wakati bado una nguvu ya kunyanyua mara 2 zaidi.

SWALI: Nimeona picha za Ronnie Coleman akitembea kwa magongo. Je, ni vyuma vilivyomfanya hivyo, au ni bahati mbaya tu? Mbona wengine walibeba na wako sawa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Coleman, aliyekuwa askari polisi wa Arlington, Texas, alishinda Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, mara 8 mfululizo, 1998 hadi 2005. Alipiga skwati pauni 800, yaani karibu kilo 363, mara mbili. Mgongo wake ulikuwa umeshaumia katikati ya miaka ya 1990, akaendelea. Baada ya kustaafu amepasuliwa zaidi ya mara 10, nyonga zote mbili zimebadilishwa na pingili zimefungwa kwa vyuma. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anachojutia ni kuishia mara mbili siku ile, ilhali alikuwa na nguvu ya mara nne. Tunamheshimu kwa moyo wake, lakini tunamwomba kijana anayesoma hapa asiuchukue msimamo huo kama somo la mazoezi.

Lee Haney naye alishinda mara 8, 1984 hadi 1991. Alijulikana kwa kuhubiri kuuamsha msuli badala ya kuuangamiza, akastaafu akiwa mzima. Watu wawili si ushahidi, kuzaliwa nako kuna sehemu yake. Ushahidi mzuri zaidi unatoka Finland, ambako wanamichezo wa zamani wa kiwango cha juu walipigwa picha za magoti: waliokuwa wanyanyua uzito, 31 kwa kila 100 walikuwa na gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyolika, wacheza soka 29, wakimbiaji 14, walenga shabaha 3. Kwa hiyo bahati ipo, ila mzigo nao unahesabika. Msuli hujengeka kwa wiki, kano kwa miezi, na gegedu ya mtu mzima ikishalika hairudi ilivyokuwa.

SWALI: Nilikuwa navuta dedilifti, kiganja cha kulia kimenitazama, cha kushoto kimetazama mbele. Nikasikia "tak" kwenye kiwiko cha kushoto. Sasa kuna bluu, na msuli wa mbele ya mkono umepanda kuelekea begani. Mkono bado unakunjika. Nisubiri upone?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usisubiri hata wiki. Maelezo yako yanafanana na kano ya bayisepsi, huo msuli wa mbele ya mkono, iliyokatika pale inapojishika kwenye mfupa chini ya kiwiko. Mkono unakunjika kwa sababu kuna msuli mwingine chini yake unaosaidia, na hilo huwadanganya wengi. Jipime: kunja kiwiko nusu, kiganja kitazame juu, kisha ingiza kidole cha mkono wa pili kwenye mkunjo wa kiwiko kutokea upande wa nje, kama unayening'iniza ndoo kwenye kamba. Kano nzima utaikuta, ngumu kama kamba ya manila. Ukikuta pako patupu, imekatika. Linganisha na mkono wa kulia.

Upasuaji huwa rahisi ndani ya wiki 2 hadi 3. Zaidi ya hapo kano hujikunja juu na kushikamana, na daktari anaweza kulazimika kuiunga kwa kipande kingine. Ukiiacha utaishi, ila utapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kugeuza kiganja juu, ile unayotumia kukaza bisibisi.

Kilichokukata ni ule mkono uliotazama mbele. Katika mshiko huo bayisepsi inakuwa imenyooka na kukazwa kwa wakati mmoja, na ukikunja kiwiko kidogo tu ili kuvuta, mzigo wote unaning'inia kwenye kano. Ukipona, viganja vyote vikutazame, tumia unga wa chaki au mikanda ya mkononi, na mikono iwe kama kamba mbili. Miguu na nyonga ndizo zinazonyanyua.

SWALI: Ndugu yangu ana miaka 29, amejazia sana ndani ya mwaka mmoja. Anachoma sindano anazouziwa jimu. Presha yake ni 165 kwa 105. Anasema ni kawaida ya watu wenye mwili mkubwa.
Dada yake, Mombasa

JIBU: Dada, si kawaida. Mtu anaponyanyua mzigo mzito akiwa amebana pumzi, presha hupanda mno kwa sekunde chache. Katika kipimo kilichofanywa Canada na kuchapishwa 1985, mrija uliwekwa ndani ya mshipa wa mkono wa wabeba vyuma wakisukuma mzigo kwa miguu: wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Moyo wenye afya unavumilia hilo kisha presha inashuka. Wa ndugu yako haupumziki hata akiwa amekaa, na hizo sindano, ambazo kwa kawaida huwa ni homoni za kujaza misuli, zinaunenepesha ukuta wa moyo, zinashusha mafuta mazuri ya damu na kuifanya damu kuwa nzito. Huko Finland, wanyanyua uzito 62 waliokuwa mstari wa mbele na kushukiwa kutumia dawa hizi walifuatiliwa miaka 12: walikufa 12.9 kwa kila 100, dhidi ya 3.1 kwa watu wa kawaida wa rika lao.

Asipige vyuma vizito hadi presha itibiwe. Apimwe moyo kwa altrasaundi, mafuta, wingi wa chembe za damu, ini na figo, pamoja na virusi vya ukimwi na homa ya ini kama aliwahi kuchangia sindano. Amwambie daktari waziwazi anachochoma. Akiacha peke yake, korodani zake, zilizolala kwa sababu ya homoni hizo, hazitaanza kazi kesho: mbegu zinaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na huzuni nzito huja katika kipindi hicho. Kaa karibu naye.

SWALI: Baada ya mwezi wa kupumzika nilipiga skwati 300 siku moja. Siku ya pili mapaja yamevimba, na mkojo una rangi ya kola. Nimemeza diklofenaki, dawa ya maumivu.
Msomaji, Muscat

JIBU: Huyu tulimjibu siku ileile: hospitali, sasa hivi. Tunachapa kwa ajili ya wengine. Misuli ikifa kwa wingi humwaga rangi yake kwenye damu, ikaziba figo, na potasiamu inayotoka nayo inaweza kusimamisha moyo. Joto na kiu huzidisha. Diklofenaki huibana figo ileile inayozama, kwa hiyo usiiguse. Ukirudi baada ya mapumziko, wiki ya kwanza fanya nusu ya seti zako za zamani, kwa nusu ya uzito.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 15. Nimemimina zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunga kwa bomba la maji. Mama anasema nitadumaa.
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Mwambie mama kwamba mazoezi ya nguvu yenye mpangilio hayadumazi. Hatari ni kujaribu mzigo wa mwisho wakati ncha za mifupa bado zinakua. Kwa hiyo uzito wowote uweze kuunyanyua mara 12 bila kutetemeka.

Makopo yako yapime kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Lita moja ya zege lenye kokoto ni karibu kilo 2.4, hivyo kopo la lita 4 ni kama kilo 9.5, lakini kokoto zikizidi upande mmoja tofauti ya kilo moja inakupinda bega bila kujua. Bomba halizunguki ndani ya kopo, kwa hiyo usilirushe juu kwa kasi, litakuvunja kifundo cha mkono. Kwa umri wako madumu mawili ya lita 5 ni bora: lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na lita 3 kila upande, ukiweza mara 12 seti tatu, ongeza nusu lita.