Chakula kisichosubiri: maneno kwa wanaoanza kupanga karamu za muziki wa klasiki

Orodha za kuoanisha chakula na muziki ni zile zile, anabadilika mwandishi tu. Spageti na Verdi. Paela na Carmen. Gulashi na Liszt. Halafu kwenye mlo mkuu, kwa herufi kubwa, rizoto na Boléro. Ukimuuliza kijana aliyeileta orodha kwamba wali utatoka jikoni muziki ukiwa dakika ya ngapi, anakutazama kama umemtukana.

Basi tuelewane, wadogo zangu. Nachukulia kwamba kupika mnajua, adagio na allegro hazihitaji maelezo, na meza ya watu wanane si kitu kigeni kwenu. Yanayofuata ni yale mnayoyakosea mkishafika hapo.

1. Acheni kulinganisha bendera.

Carmen, opera yenye hadithi ya Hispania, ni ya Bizet, Mfaransa, na ilifunguliwa Paris mwaka 1875. Capriccio Espagnol, yenye jina la Hispania, aliiandika Mrusi, Rimsky-Korsakov, mwaka 1887. Kwenye The Nutcracker, baleti ya Tchaikovsky, ile ngoma ya kahawa yenye jina la Uarabuni imejengwa juu ya wimbo wa Georgia wa kubembelezea watoto. Hakuna ubaya wowote. Muziki ni mtamu na paela ni tamu. Ubaya ni kwamba bendera haikuambii muziki una urefu gani, unapandia wapi na unakatikia wapi, na hayo matatu ndiyo yatakayokuamulia usiku wako. Ukitaka Hispania yenyewe, mchukue mtunzi Falla, mzaliwa wa Cádiz. Ukitaka Brazili, feijoada na Villa-Lobos zinakaa pamoja vizuri, lakini angalia sababu: yale maharagwe meusi na nyama yake yakishaiva, ukiyaacha nusu saa kwenye moto mdogo hayadhuriki. Muziki unaweza kuchelewa, unaweza kurudiwa, na chungu hakina habari.

2. Gawa vyakula mafungu mawili kabla hujagusa orodha ya muziki.

Vipo vinavyosubiri: tajini, gulashi, feijoada, musaka (biringanya na nyama za kuokwa), mole (mchuzi mzito wa Kimeksiko). Vipo visivyosubiri: rizoto, sufle (mayai yaliyoumuliwa kwa oveni), tempura (vitu vya kukaanga kwa ganda jepesi), tambi zilizotoka kwenye maji sasa hivi. Muziki nao uko hivyo hivyo. Upo unaokatika, yaani vipande vifupi vifupi, kila kimoja na mwisho wake; na upo usiokatika, sehemu moja ya dakika 15 au 20 ambayo ukiizima katikati umeiua.

Kanuni ni moja: chakula kisichosubiri kipe muziki unaokatika, na muziki usiokatika upe chakula kinachosubiri. Ukikutanisha visivyosubiri na visivyokatika, maji yatazidi unga.

Muziki unaokatika si wa kutafuta kwa tochi. Goldberg Variations za Bach, zilizochapishwa 1741, ni aria (wimbo) moja, tofauti 30, yaani aria hiyo ikigeuzwa sura kila mara, kisha aria tena, na kila tofauti inafunga vizuri. Telemann alichapisha Tafelmusik mwaka 1733 kwa kazi hii hii ya mezani: mafungu matatu, kila moja likiwa na suti (mfululizo wa vipande vya ngoma), kwarteti, konserto, trio, solo na hitimisho. Ngoma za Kiromania za Bartók ni sita na zote pamoja hazizidi dakika saba. Kwa upande wa pili, tajini ya kondoo (bega kilo 1, vitunguu 2, tangawizi, zafarani, saa 2 hadi 2 na nusu kwenye moto mdogo, gramu 200 za pruni zikiingia nusu saa ya mwisho) inaweza kulala jikoni huku kwinteti (utunzi wa vyombo vitano) ya Schubert ya C kubwa, D. 956, ikijipeleka mpaka mwisho wake. Chunga adagio yake tu, ile sehemu ya polepole: inaanza kwa utulivu wa kukatisha pumzi, halafu katikati inachafuka kweli kweli kabla ya kutulia tena. Usimpe mtu kazi ya kukata nyama hapo.

Na andikeni rekodi, si jina la utunzi peke yake. Mpiga piano Glenn Gould alirekodi Goldberg mwaka 1955 kwa dakika 38 na ushei. Alipoirekodi tena 1981 ikafika 51. Mpigaji yule yule, nota zile zile, tofauti ya dakika 12 na zaidi. Kwenye ratiba ya jiko hizo dakika 12 ni chakula kizima.

3. Rizoto na Boléro.

Hapa nitakaa, kwa sababu mnaanguka hapa wote, tena mnaanguka kwa raha.

Wazo linavutia mno. Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, inapanda taratibu kwa kama robo saa. Rizoto nayo inakorogwa taratibu kwa kama robo saa. Kijana anaona ndoa. Anaamua mchuzi wa kwanza uingie na mpigo wa kwanza wa ngoma ndogo, na sahani zitue mezani kwenye ule mshindo wa mwisho.

Hebu tuipike. Kwa watu wanne: mchele wa arborio au carnaroli gramu 320, mchuzi lita 1.2 ukiwa unachemka pembeni, kitunguu kidogo kimoja, divai nyeupe mililita 120, siagi baridi gramu 50, parmesan gramu 70. Kitunguu dakika 5 bila kubadilika rangi. Mchele dakika 2, hadi punje ziwe za moto kwa kugusa na kingo zake zianze kung'aa. Divai, ikauke. Kuanzia hapo upawa mmoja mmoja wa mchuzi, dakika 16 hadi 18. Moto unazimwa, sufuria inapumzika dakika 1, siagi na jibini vinaingia na kukorogwa kwa nguvu. Ukiimimina kwenye sahani na kugonga chini ya sahani kwa kiganja, itambae yenyewe hadi ukingoni.

Sasa hesabu. Rekodi za Boléro zinaanzia kama dakika 13 na nyingine zinapita 17. Ravel mwenyewe alikwaruzana na Toscanini huko Paris mwaka 1930 kwa sababu ya mwendo, aliona imekimbizwa. Mchele nao una tabia zake: mchuzi ukiwa vuguvugu badala ya kuchemka, kila upawa unazima mwiva na dakika 3 zinaongezeka bila kuaga. Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama muziki unatangulia, kijana anaona tromboni zimeshaingia na punje bado ina kiini cha chokaa, anamwaga mchuzi wote uliobaki kwa mkupuo. Mchele unachemka badala ya kukorogwa, wanga haumenyeki kutoka kwenye punje kwa kusuguana, na kinachotoka ni uji mwepesi wenye mchele mgumu ndani. Ama mchele unatangulia, na hapo anausubirisha uungoje mshindo. Rizoto iliyokwisha tiwa siagi haina subira hata ya dakika 5: inaendelea kunywa mchuzi wake, inakaza, anaongeza maji, inalegea, inakaza tena. Inafika mezani ikiwa gundi yenye jibini ya bei mbaya.

Na hilo bado si balaa lenyewe. Balaa ni sauti. Boléro inaanza na ngoma ndogo kwa pianissimo, yaani sauti ya chini kabisa, nyuzi zikidonolewa kwa vidole, na fluti moja. Chumba kina watu wanane wanaoongea na feni ya jikoni inavuta moshi. Hakuna anayesikia kitu. Kijana anaongeza sauti. Dakika ya pili, klarineti, bado kimya. Anaongeza tena, anafuta mikono, anarudi kwenye mwiko. Kuanzia hapo hagusi tena spika kwa sababu mchele haumruhusu. Dakika ya 10 wageni wameanza kuinua sauti. Ya 12 wanapiga kelele masikioni mwa wenzao. Ya 14 okestra nzima imo ndani ya nyumba, ufunguo unaruka kutoka C kubwa kwenda E kubwa na kurudi, na pale mlangoni mpishi anatamka "tayari" ambayo mhudumu hakuisikia. Kisha muziki unaanguka, ghafla, na chumba kinabaki na watu wanane waliokuwa wakipayuka sentensi za katikati. Wanacheka, wanapiga makofi, wawili wanasimama. Nani atakula?

Dawa: Boléro iondoke mezani. Ukiing'ang'ania, ipige watu wakiwa wamesimama na glasi na kitu baridi cha kutafuna, na upime sauti kutokea mwisho. Yaani kabla wageni hawajafika, peleka rekodi hadi dakika ya mwisho, shusha sauti mpaka watu wawili waweze kusemezana juu yake bila kukunja uso, acha hapo, rudi mwanzo, na ukubali kwamba dakika 3 za kwanza hazitasikika. Hivyo hivyo kwa kila utunzi unaopanda: pima kwa kilele, kamwe usipime kwa mwanzo.

Na rizoto? Mpe Telemann au Goldberg wakati wa kukoroga. Mchele ukiwa tayari, ngoja kipande kilichopo kiishe (mara nyingi ni dakika mbili au tatu, ndiyo ile pumziko na siagi), zima, toa sahani kukiwa kimya. Uma zikiingia, anza kipande kinachofuata. Ukimya wa sekunde 40 haujawahi kumuua mgeni.

4. Kitu kinachovunjika mdomoni kinahitaji nafasi ya kusikika. Ule mlio wa ukavu uko kwenye sauti za juu. Watafiti Zampini na Spence, kule Oxford, walionyesha mwaka 2004 kwamba mtu akiongezewa sauti za juu za mtafuno wake masikioni anaona kripsi ni kavu zaidi na hazijachakaa. Kwa hiyo ukipiga violini nne na matoazi juu ya tempura, umeilowesha bila kuigusa. Weka suti za Bach za chelo pekee: ziko chini, na kila moja ina sehemu sita fupi. Tempura yenyewe: unga gramu 100, kiini kimoja cha yai, maji ya barafu mililita 180, koroga mara chache tu na uache mabonge kwa sababu ukikoroga sana unga unavutika na ganda linakuwa mkate, mafuta nyuzi 170 hadi 180. Itoke nne nne. Mvuke wa mboga iliyo ndani unaanza kulainisha ganda mara tu inapotoka mafutani, hivyo usirundike sahani ili ipendeze.

5. Supu ya moto na Simfoni namba 94 ya Haydn: hapana. Inajulikana tangu London mwaka 1792 kwamba sehemu ya pili inanyata, inarudia kwa kunong'ona zaidi, halafu haijatimia dakika moja okestra nzima inagonga mkupuo mmoja wa nota kwa fortissimo, yaani kwa nguvu zote, pamoja na ngoma kubwa za timpani. Mhudumu wako ana bakuli la supu ya vitunguu ya Kifaransa lililotoka chini ya moto wa oveni, jibini bado inatokota. Malizia mwenyewe.

6. Nyimbo za lugha ambayo meza inaielewa zinashindana na mazungumzo, na wimbo ndio utakaoshinda. Ndiyo maana serenadi za vyombo vya kupuliza zilipendwa mezani. Mozart mwenyewe, kwenye chakula cha usiku cha opera yake Don Giovanni, 1787, ameweka kikundi cha wapulizaji jukwaani, wala hakuweka mwimbaji wa kumburudisha bwana mkubwa.

7. Madogo madogo, bila maelezo marefu. Kwenye programu ya kupigia muziki, zima kuchanganya nyimbo. Zima na ule mfifisho wa kuunganisha kipande na kipande, maana sehemu ya tatu ya Simfoni ya Tano ya Beethoven inaingia ya nne bila kupumua na programu itaichana. Spika mbili ndogo mbali na meza ni bora kuliko moja kubwa karibu nayo. Ukitaka watu wakae, mwendo wa polepole. Mtafiti Milliman alilipima mgahawani na kulichapisha 1986. Galopu, yaani mwendo wa mbio, unaofunga utangulizi wa opera ya Rossini, William Tell, haifai juu ya steki yenye jina lake, hata kama mtunzi alikuwa mlafi: nyama yenye foie gras (ini la bata aliyenoneshwa) na trafo (uyoga wa thamani) juu yake hailiwi mbio.

8. Vinywaji vitatu vya The Nutcracker. Mtaijaribu tu, kwa hiyo afadhali niwaambie jinsi. Mpangilio kwenye nota ni chokoleti, kahawa, chai. Chokoleti na chai ni kama dakika moja moja na kidogo. Kahawa peke yake ndiyo inayokaribia dakika tatu na nusu. Mgeni hawezi kunywa kikombe kizima cha chokoleti kwa dakika moja. Fanya nzito na ndogo: chokoleti nyeusi gramu 100 ndani ya maziwa mililita 250, kijiko cha chai cha wanga wa mahindi kilichokorogwa kwa maziwa baridi kabla ya kuingia, chemsha kidogo hadi ishike kijiko, vikombe vya mililita 60. Kahawa imiminwe wakati chokoleti ikianza kupigwa, si ikiisha. Na chai iwe mezani kabla ya yote, majani yameshatolewa, kwa sababu ngoma yake itakwisha ukiwa bado unauliza nani anataka sukari.