Feni Inawaka na Kuzima Gari Likiwa Sailensa: Shika Saa Kabla ya Spana

Ilinianza siku moja nimekaa garini namsubiri mwanangu. Injini inanguruma, kioo nimekishusha. Feni ya kupozea injini ikawaka, ikavuma, ikazima. Punde ikawaka tena. Ukishaisikia mara moja, sikio haliachi kuitafuta. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshabadilisha sensa ya joto na rilei ya feni (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha), na zote mbili nilizozitoa zilikuwa nzima kabisa.

Vifaa vipya havikubadilisha kitu. Ndipo nikafanya kile ambacho sasa namwambia kila anayeniuliza akifanye mwanzo: nikafungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, nikasimama kando ya gari, nikasikiliza na kuandika.

Feni ya umeme kuwaka na kuzima gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikinguruma, si ugonjwa. Gari likitembea, rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inapozwa na upepo wa barabarani. Likisimama, upepo huo haupo, joto linajikusanya, na feni inabaki peke yake kwenye kazi. Kwenye magari mengi thamostati, kile kilango kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, feni huamriwa kuwaka joto likifika kama 95 hadi 105, na huzimwa likishashuka nyuzi kadhaa. Nafasi hiyo kati ya kuwaka na kuzima imewekwa makusudi, la sivyo feni ingekuwa inashtukashtuka kila sekunde.

Kabla ya kupima, zima kiyoyozi. Kikiwa kinafanya kazi, feni huwaka hata kama injini haijapata moto vizuri. Zima pia kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, maana kwenye magari mengi nacho huwasha kompresa ya kiyoyozi bila wewe kujua. Nimeona mtu akihangaika siku nzima kwa ajili ya kitufe hicho.

Sasa hesabu. Inavuma sekunde ngapi, inapumzika sekunde ngapi? Andika mizunguko mitano au sita, usitosheke na mmoja. Feni ikiwaka sekunde mbili tatu na kukata, halafu ikarudia hivyo hivyo bila mpangilio, tafuta kwenye umeme: plagi iliyolegea, waya wa athi wenye kutu, rilei iliyochoka, sensa inayoruka. Joto la maji ya injini haliwezi kupanda na kushuka kwa kasi hiyo. Lakini vipindi vikiwa na mpangilio, umeme unatii amri, na swali lako linahamia kwenye joto lenyewe.

Yangu ilivuma sekunde 90, ikapumzika 40. Nikachomeka kile kisomaji kidogo cha kompyuta ya gari chini ya usukani, nikaangalia namba: feni inawaka kwenye nyuzi 97, inazima kwenye 92, kila mara. Sindano ya dashibodi haikutikisika hata kidogo. Usiitegemee sana sindano hiyo, kwa sababu magari mengi huifunga katikati kwa upana mkubwa wa joto, na ukiiona inapanda, mambo yameshaharibika. Namba zile ziliniambia kwamba sensa inasema kweli na rilei inafanya kazi yake. Tatizo lilikuwa kwamba feni ilihitaji dakika moja na nusu kushusha nyuzi 5 tu. Joto lilikuwa halipati pa kutokea.

Nikangoja injini ipoe kabisa, nikaangalia kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Hapa nasema kwa msisitizo: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100, na yanazuiwa kuchemka na msukumo tu. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Kulanti yangu ilikuwa imejaa. Ingepungua, ningeshuku pia hewa iliyonaswa kwenye mfumo, ambayo dalili yake moja ni hita kupuliza baridi gari likiwa sailensa na kurudi kuwa ya moto ukikanyaga mafuta.

Kisha nikawasha gari, nikashika karatasi mbele ya kondensa, ile ya kiyoyozi inayokaa mbele ya rejeta. Feni ilipowaka, karatasi iling'ang'ania upande wa juu kama imegundishwa. Nilipoishusha upande wa chini, ikaanguka. Upepo ulikuwa haupiti pale.

Kwa mbele kila kitu kilionekana safi. Nikafungua kava la juu, nikamulika tochi kwenye pengo jembamba kati ya kondensa na rejeta. Kulikuwa na zulia: vumbi, mbegu za majani na mabawa ya wadudu, vimeshikamana kwa unyevu vikawa kitu kimoja cha kijivu. Nikachomoa kipande kwa waya, nacho kikatoka kizima kama kipande cha blanketi. Kimefunika zaidi ya theluthi moja ya rejeta.

Kuosha ni maji ya msukumo mdogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine ya kuoshea magari hukunja vile vibati vyembamba, na vikishakunjika umeziba njia ya upepo kwa mkono wako mwenyewe. Chomoa waya wa betri kwanza. Kwenye baadhi ya magari feni huwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Nikapima tena, saa ile ile ya mchana, kwa sababu joto la hewa nalo hubadilisha vipindi. Sekunde 35 kuvuma, karibu dakika tatu kupumzika.

Kama karatasi haishiki popote, shuku mota ya feni iliyochoka inayozunguka kivivu, kava la plastiki la kuizunguka lililovunjika, au feni iliyofungwa upya na waya zimepishana, ikawa inapuliza mbele badala ya kuvuta. Kama upepo unapita vizuri na rejeta ina sehemu za baridi ukiipima kwa kipimajoto cha mwanga, imeziba kwa ndani, na mara nyingi waliotumia maji matupu kwa miaka ndio hukutwa na hilo. Kama kulanti inapungua bila kuvuja nje na unaona mapovu yasiyoisha kwenye tangi la akiba, simamisha gari na upimishe hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, siku hiyo hiyo.

Namba zangu nimeziandika kwenye daftari la gari: 97, 92, sekunde 35, dakika tatu. Kila ninapobadilisha oili, napima tena.