Begi au kasha? Maswali yenu kuhusu kubeba gita

Niliwahi kusema hapa kwamba magita mengi yanayofika kwenye meza yangu ya ufundi yameumia njiani, si jukwaani. Maswali yakamiminika. Nimechagua machache.

Shikamoo fundi. Nakaa Mbagala, napiga gita la solo kanisani na wikiendi kwenye maharusi. Usafiri wangu ni bodaboda na daladala. Muuzaji ananishauri ninunue kasha gumu. Nitoe hela?

Marahaba. Usitoe. Kasha la plaiwudi likiwa tupu lina kilo nne, tano hivi. Weka gita la umeme ndani, unaning'iniza kilo nane au tisa kwa mkono mmoja. Sasa kwenye bodaboda utalishika vipi? Utalilaza mapajani, litokeze huku na huku, na bajaji ya kwanza itakayopita karibu italipiga pasi.

Tafuta begi la mgongoni lenye sponji nene, milimita 20 kwenda juu. Dukani, weka mkono mmoja ndani ya begi na mwingine nje, ubonyeze kwa vidole gumba. Vidole vikikutana, hilo ni koti la mvua, si begi. Kisha geuza uangalie mikanda ya mabega ilivyoshonwa. Mshono mmoja ulionyooka utaachia. Unaotakiwa ni ule wa kiboksi chenye msalaba katikati.

Tahadhari moja: ukilivaa mgongoni, wewe umerefuka. Mimi nilishawahi kushuka kwenye daladala nikainamisha kichwa changu, nikasahau kichwa cha gita. Ule mlio bado naukumbuka.

Gita langu ni la umeme, lile la mtindo wa Les Paul. Kasha lilianguka likiwa limesimama ukutani. Halina hata mkwaruzo, lakini nilipofungua nikakuta shingo imekatika karibu na funguo za kukazia nyuzi. Inawezekanaje?

Pole sana ndugu yangu. Inawezekana, na wewe si wa kwanza. Kichwa cha gita la namna hiyo kimeinama kurudi nyuma, kwa yale ya zamani ni kama nyuzi 17 (nyuzi za hesabu, si za kupiga). Shingo yake imechongwa kwa mti mmoja, kwa hiyo pale inapoinamia nyuzinyuzi za mbao hukatiza badala ya kwenda na urefu. Na papo hapo wamechimba tundu la chuma cha kunyooshea shingo. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Kasha linapoanguka chali, husimama ghafla likigonga sakafu. Mwili wa gita umebanwa na sponji, nao unasimama. Kichwa chenye funguo sita za chuma kinaendelea na safari. Kama kilikuwa kinaelea bila kitu cha kuizuia shingo, mbao inakatika huku kasha liking'aa.

Mara nyingine kosa ni la kasha lenyewe: kichwa kinagusa chini, kwa hiyo pigo la nje linafika moja kwa moja. Pima hivi. Laza gita kasha likiwa wazi, pitisha vidole viwili chini ya kichwa. Vipite bila kukwama. Halafu angalia chini ya shingo, pale karibu na kichwa: lazima pawe na mto ulioigusa vizuri. Kama haupo, kunja fulana kuukuu uiweke hapo chini ya shingo, wala si chini ya kichwa. Mwisho funga kasha, litikise taratibu sikio likiwa karibu. Ukisikia "duk", bado kuna nafasi ya kujaza.

Habari njema ni kwamba mpasuko wa aina hii huungika vizuri kwa gundi ukiwa mbichi. Usichezee vipande, wala usijaribu gundi ya haraka ya dukani. Mpelekee fundi kama vilivyo.

Nimeagiza begi mtandaoni, zipu haifungi. Nilisoma "saizi kamili".

Saizi kamili ya gita lipi? Gita la kavu (lisilo la umeme) la tumbo kubwa, lile la umbo la dreadnought, lina upana wa karibu sentimita 40 chini ya kiuno, pale penye tumbo pana. La nyuzi za nailoni lina kama 37. Pima mambo matatu kabla ya kulipa: urefu wote, upana wa chini, na kina cha tumbo. Kina ndicho watu husahau, na ndicho kinachokata zipu. Kubwa kupita kiasi nalo halifai: gita litacheza ndani.

Niko Tanga. Nyuzi zinashika kutu hata gita likiwa ndani ya kasha. Kasha bovu?

Kasha ni zima, linatunza ulichokifungia. Ukishuka jukwaani ukalaza gita lenye jasho ukabana vibanio, umefungia jasho na chumvi ya bahari pamoja nalo. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, acha dakika chache, ndipo ufunge. Mbao za gita la kavu hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na pwani yetu huzidi hapo siku nyingi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinasaidia, ila vikishashiba havina kazi. Mara mojamoja fungua kasha wazi kivulini sponji ipumue.

Na tafadhali, usiliache kwenye buti ya gari juani. Hakuna kasha linalozuia joto hilo. Gundi hulegea, na daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, likaanza kubanduka.

Naenda Muscat kupiga kwenye harusi ya ndugu. Gita ni la nailoni. Nifanyeje kwenye ndege?

Hapa ndipo kasha gumu linapostahili bei yake. Ulizia shirika lako mapema, upate jibu kwa maandishi, kama linaruhusu gita kuingia nawe ndani. Marekani wana sheria ya 2012 inayomruhusu abiria kuingia na gita kama nafasi ipo wakati wa kupanda, lakini hiyo haikuhusu kwa safari yako. Likienda chini na mizigo, legeza nyuzi kidogo, saidia shingo kama nilivyoeleza juu, na usiache kapo (kile cha kubana nyuzi shingoni) wala ufunguo wowote ukizurura ndani ya kasha. Koleo la kukatia nyuzi liweke kwenye sanduku la mizigo, wasije wakakunyang'anya ukaguzini. Kibandiko cha "dhaifu" bandika ukitaka. Mimi sikitegemei.

Begi la gita la solo litaingia besi?

Haliingii. Besi ya kawaida ina karibu sentimita 116. Kichwa kitachungulia nje, na mvua ya Aprili unaijua.