Re: Gari nimelirudisha yadi, bima kubwa (comprehensive) niliyokata inakuwaje?
Pole mkuu, wiki mbili tu giaboksi ishakufa, bora umelirudisha. Ila bima haijifuti yenyewe, andika barua kwa broka wako leo leo uambatishe yale makubaliano ya kurudisha gari yenye sahihi na tarehe, maana kila siku unayochelewa inahesabika kwako. Mimi nilizubaa mwezi mzima nalipia gari linauza sura yadi 😅

Kama unachukua gari lingine usifute, omba wahamishie bima kwenye namba ya gari jipya, likizidi thamani unaongezea hela. Ukifuta, kwenye hela ya kukurudishia watakata siku ulizotumia, mara nyingi na zaidi kidogo, na kama ulishadai fidia sahau hiyo hela. Halafu cheki TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kama stika ya bima imefutwa kweli.