Mwenzetu wa baiskeli amevunjika uti wa mgongo: kikundi kianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu kutoka Mbeya. Mimi ni katibu wa kikundi cha waendesha baiskeli wapatao 20, ambao kila Jumamosi alfajiri hutoka mjini kwenda Uyole na kupanda hadi Isyonje. Miezi minne iliyopita mwenzetu alianguka kwenye mteremko wa kuelekea Kiwira akavunjika pingili ya 12 ya kifua. Alipasuliwa na kuwekewa vyuma, na sasa yuko nyumbani kwake Mabatini pamoja na mkewe. Mikono yake ina nguvu, lakini miguu haina nguvu wala hisia. Anatumia kiti mwendo alichopewa, ambacho kilikuwa cha mtu mwingine. Tumechanga fedha, na kwa kuwa watatu kati yetu ni mafundi baiskeli na mmoja ni fundi wa kuchomelea, tumepanga kumtengenezea baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono ili ifikapo Desemba awe nasi barabarani. Tunaomba utueleze vipimo vya kiti na mambo ya kuzingatia kwa hali ya mwili wake. Vilevile, nyumba yake iko kwenye mwinuko, na kila anapotoka tunambeba mikononi. Je, tunafanya sawa?

JIBU: Ndugu Katibu, poleni sana, na mfikishieni mgonjwa na mkewe pole zangu. Baiskeli mnayoifikiria ni kitu kizuri na nitaieleza hapa chini, lakini nawaomba msikate bomba hata moja kabla hamjakishughulikia kile kiti ambacho mwenzenu amekikalia wakati huu mnaposoma majibu haya. Kiti kilichokuwa cha mtu mwingine ndicho kinachonitia hofu kuliko jambo lingine lolote katika barua yenu.

Mtu mwenye hisia hakai tuli. Baada ya dakika chache makalio yanaanza kuuma naye husogea bila kujua kwamba amesogea, damu ikarudi mahali ilipokuwa imebanwa. Mwenzenu hapati taarifa hiyo. Nyama iliyo kati ya mfupa wa kalio na kitambaa cha kiti inaweza kukaa bila damu ya kutosha kwa saa kadhaa, ikaanza kufa kutoka ndani, na ngozi ya juu ikaonekana nzima mpaka siku inapopasuka. Hivi ndivyo vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia. Kidonda kilichofika kwenye mfupa humlaza mtu kifudifudi kwa miezi mingi, na maambukizi yake yakiingia kwenye damu huweza kuua. Kwa hiyo, kama mnaitazama Desemba, itazameni ngozi yake kwanza, kwa sababu mikono yake tayari iko upande wenu.

Kuna kipimo rahisi cha mkono kinachotumiwa na wanaotoa viti mwendo. Mgonjwa akiwa amekaa kitini, mkewe au mtu mnayekubaliana naye apitishe vidole, kiganja kikitazama juu, kati ya mto wa kiti na mfupa wa kalio, kisha mgonjwa akae kama kawaida. Ncha za vidole zikiweza kuchezacheza juu na chini walau milimita 5, mto unafaa. Zikishindwa kucheza lakini vidole vikachomoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa hata kuchomoka ni shida, mto huo haufai na asiendelee kuukalia. Pimeni kalio la kulia na la kushoto, kwa sababu mtu aliyeumia mgongo mara nyingi hukaa ameegemea upande mmoja.

Mto mzuri hutengenezwa kwa sponji ngumu chini na laini juu, ukiwa na bonde la kina kidogo mahali mifupa ya makalio inapokaa, ili mapaja yabebe sehemu kubwa ya uzito. Najua kwamba katika karakana ya baiskeli wazo la kwanza litakuwa kujaza upepo tyubu na kumkalisha juu yake kama pete. Msifanye hivyo. Pete hubana ngozi kwa mduara mzima na kuinyima damu sehemu ya katikati, yaani huleta lile lile mnalolikimbia.

Kuhusu vipimo, upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga zake akiwa amekaa. Kikiwa kipana mno atapinda mgongo, kikiwa chembamba kitamchubua. Kina cha kiti kiwe urefu wa paja, kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, ukitoa milimita 30 hadi 60, ili ukingo usibane mishipa ya nyuma ya goti. Kimo cha kukanyagia miguu kifuate urefu wa muundi, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na mpime mto ukiwa mahali pake. Miguu ikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hurudi kwenye makalio. Vipimo hivi ndivyo vitakavyotumika baadaye kwenye baiskeli, kwa hiyo viandikeni na kuvitunza.

Baada ya hapo kazi inakuwa yenu kweli, maana magurudumu ya nyuma ya kiti mwendo ni ndugu wa yale mnayoyajua: yana spoki, rimu, beringi, tairi na tyubu. Viti vingi navyoviona havijawahi kupakwa grisi tangu vilipotolewa. Jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau ni kwamba breki za viti vingi hukandamiza tairi lenyewe, hivyo tairi likipungua upepo kidogo tu breki haishiki. Mgonjwa anajisogeza kutoka kitandani, kiti kinateleza nyuma, anaanguka chini. Pimeni upepo kila wiki. Angalieni pia ekseli ya nyuma: ikisogezwa mbele kiti huwa chepesi kusukuma lakini hupinduka nyuma kirahisi, na Mabatini kila safari ni mlima. Kwa sasa iacheni nyuma, na fundi wenu wa kuchomelea aongeze vigurudumu viwili vidogo nyuma ya kiti vya kuzuia kupinduka.

Hata mto mzuri hautoshi peke yake. Kila baada ya dakika 20 hadi 30 ainame mbele hadi kifua kikaribie mapaja, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, akae hivyo kama dakika mbili. Daktari aliyempasua akubali kwanza kwamba mgongo unaweza kuinama. Siipendelei ile desturi ya kujiinua kwa mikono miwili kila mara, kwa sababu mabega yake sasa ndiyo miguu yake na atayahitaji maisha yote. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili. Hapa namfikiria mkewe, ambaye huenda hajalala usiku mzima kwa miezi minne. Mwenzenu mwenye mikono yenye nguvu anaweza kujifunza kujigeuza mwenyewe kwa kushika reli ya bomba iliyofungwa pembeni mwa kitanda, akiamshwa na kengele ya simu. Ichomeleeni reli hiyo wiki hii. Mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya anaweza kumfundisha namna ya kujigeuza na namna ya kurefusha muda huo taratibu kadiri ngozi inavyozoea.

Asubuhi na jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo kidogo cha mkono: makalio, sehemu ya chini ya mgongo, nyonga, vifundo na visigino. Vitabu vingi husema tafuteni wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni mahali palipokolea rangi kuliko pembeni, pana joto, pamekuwa pagumu au pamevimba. Kama pakibaki hivyo nusu saa baada ya kuondoa uzito, asipakalie wala asipalalie mpaka patakaporudi kawaida, na ngozi ikipasuka aende hospitali.

Kuna mambo mawili ya nyanda zetu za juu ambayo lazima niyaseme. La kwanza ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Nimewahi kumhudumia mgonjwa aliyeungua nyayo zote mbili kwa jiko lililowekwa karibu naye kwa upendo, asijue lolote mpaka mtu mwingine aliposikia harufu. Mwenzenu asiwekewe jiko wala chupa ya maji ya moto miguuni. Soksi nzito zisizobana na blanketi vinatosha. Mkaa katika chumba kilichofungwa huua hata mwenye miguu mizima. La pili ni kukanda. Najua watamshauri akandwe miguu kwa maji ya moto ili neva ziamke. Neva zilizojeruhiwa ndani ya uti wa mgongo haziamshwi kwa kukanda, na maji yasiyomuumiza yeye yanaweza kumbabua. Zaidi ya hayo, mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuukanda kunaweza kulisukuma lile donge hadi mapafuni. Mguu wa namna hiyo haushikwi. Unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kumbeba. Kumshika makwapani na magotini kunaumiza mabega yake, kunaburuza makalio yake kwenye ukingo wa kiti, na mnaotangulia kuteleza ni ninyi. Mtengenezeeni ubao laini wa kuhamia, urefu wa sentimita 70 hivi na upana wa 20 hadi 25, uliopigwa msasa na vanishi, ili ahame mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini akiwa amevaa nguo. Penye ngazi abebwe pamoja na kiti: mmoja nyuma kwenye mishikio, mmoja mbele ameshika fremu yenyewe, kamwe si sehemu zinazochomoka. Suluhisho la kudumu ni njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 40 kinahitaji njia ya mita 4.8. Katika kiwanja chenye mwinuko mkali mtalazimika kuizungusha mara mbili au tatu, na kila kona iwe na sehemu tambarare ya mita 1.5 ili apumzike na kugeuka. Chorochoreni saruji kwa kukingama kabla haijakauka, kwa sababu mvua zikianza Novemba udongo ule mwekundu hauna huruma. Penye mteremko mkali zaidi ya huo msaidizi amshushe kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini. Kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu, mimi ningechagua njia hii kabla ya baiskeli, kwani baiskeli isiyoweza kutoka nyumbani haina kazi.

Baiskeli sasa. Asiipande mpaka daktari wa upasuaji aone picha ya eksirei na kuridhika kwamba mfupa umeunga, jambo linaloweza kuchukua miezi sita au zaidi, kwa hiyo msimtangazie mwezi. Mkiijenga, kumbukeni kwamba gurudumu la mbele ndilo litakalovuta, na mnapopanda kwenda Isyonje uzito wote hurudi nyuma, hivyo tairi litazunguka bure kwenye kokoto. Wekeni kiti karibu na gurudumu la mbele kadiri inavyowezekana, tumieni gia nyepesi, breki mbili zinazojitegemea pamoja na kufuli ya kuegeshea, na mto ule ule uliopita kipimo cha vidole. Miguu ifungwe kwa mikanda mipana, iliyo mbali na cheni, kwa kuwa kisigino kinachosagwa hakitapiga kelele. Aanzie kwenye barabara tambarare. Chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa vifaa vya viungo, kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viti mwendo. Mkimpata mmoja wao akague mchoro wenu, mtapunguza makosa mengi.

Mnisikilize pia kuhusu mkojo, maana ndio huwafungia watu hawa ndani. Kwa jeraha kama lake wengi hutumia mpira wa mkojo, unaoingizwa kutoa mkojo kisha kuondolewa, kila baada ya saa nne hadi sita, na anayeogopa aibu safarini huacha kunywa maji, kisha hupata maambukizi. Kikundi kipange vituo penye faragha bila kumfanya aombe. Kazi ya mpira ni yake na mkewe. Kazi yenu ni kuhakikisha mipira na glovu havikosekani. Mkojo ukiwa na ukungu, ukinuka vibaya au akipata homa, apelekwe hospitali.

Msimwambie kwamba atatembea. Msimwambie pia kwamba hatatembea. Hayo ni ya madaktari wake na muda. Lakini msisubiri apone ndipo awe mwanachama tena. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakati ambapo wengi wao walikuwa wakiachwa vitandani wafe kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Alisisitiza wageuzwe kila saa mbili, na akaifanya michezo kuwa sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vyao, na kutoka pale ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Tazameni kwamba kugeuza na kucheza vilikwenda pamoja katika wodi moja.

Kwa hiyo mpeni kazi tangu sasa: ratiba ya safari, daftari la michango, kusahihisha spoki za rimu mtakazompelekea nyumbani, maana mikono na macho yake havikuvunjika. Jumamosi hii, mkirudi kutoka Isyonje, piteni kwake mkiwa na pampu, grisi, futi ya fundi cherehani na kioo kidogo cha mkono, na vipimo vya kiti aviandike yeye mwenyewe.