Kujenga pumzi kwenye baridi ya Minnesota

Mwezi wa Desemba hapa Minneapolis jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Kwa sisi tunaoingia shifti ya mchana, kukimbia ni gizani tu, uamke kabla ya kazi au utoke baada yake. Hata hivyo, kila mwaka ikifika Machi kuna ndugu zetu waliojiandikisha Grandma's Marathon ya Duluth, inayokimbiwa katikati ya Juni, wananiuliza: sasa nianze mazoezi? Nawajibu kwa upole, lakini ukweli ni kwamba wamechelewa. Mbio za Juni zinajengwa kuanzia Novemba, wakati hakuna mtu mwingine njiani.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliukosea vibaya. Oktoba nilikuwa nimemaliza marathoni ya Twin Cities kwa saa 3 na dakika 52, nikajiona niko vizuri. Ndani ya wiki nne nikatoka kilomita 40 kwa wiki hadi 75, na kila Alhamisi nikawa nakimbia kwa kasi ya mashindano maana niliogopa spidi itapotea. Pumzi haikunisumbua hata siku moja. Hapo ndipo penye mtego: moyo na mapafu vinazoea upesi, ndani ya wiki chache unasikia mwili mwepesi, lakini kano na mifupa vinadai miezi. Januari nikaanza kuamka na kano ya kisigino imekakamaa, nashuka ngazi nimeshika ukuta. Ikishapata moto maumivu yanapungua, basi nakwenda kukimbia tena. Mtaalamu wa viungo alipoibana kwa vidole viwili, juu kidogo ya kisigino, niliruka kitandani. Wiki sita bila kukimbia. Juni nilifika Duluth kwa saa 3 na dakika 58, na kile kilima kifupi wanachokiita Lemon Drop, karibu na kilomita ya 35, nilikipanda kwa kutembea.

Tangu hapo nimepitia misimu mingine mitano, na nimeacha kabisa kuhesabu kilomita wakati wa baridi. Nahesabu dakika.

Sababu ni hii. Theluji laini inakula hatua, barafu inakufanya ukimbie kama unayebeba mayai, nguo ni nzito, upepo unakusukuma kifuani. Kilomita ambayo Septemba uliikimbia kwa dakika tano na nusu, Januari itakuchukua sita na nusu kwa jasho lilelile. Ukiitazama saa ya mkononi utaona umeshuka kiwango, utajilazimisha kuongeza kasi, na mazoezi ambayo yalitakiwa kuwa mepesi yatageuka kuwa mashindano yako wewe na theluji. Mwili wenyewe haujui kilomita. Unachojua ni kwamba moyo umepiga kwa kiwango fulani kwa dakika 60. Humo ndimo mishipa midogo ya damu inapoongezeka kwenye misuli, mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, zinapozaliana, na misuli inapojifunza kutumia mafuta na kuiwekea akiba sukari yake ya kilomita za mwisho. Hivyo vyote vinajengeka vizuri kwa mwendo mwepesi, mradi usikatize.

Mpango wangu wenyewe si mgumu. Baada ya mashindano ya Oktoba napumzika wiki mbili kamili, kisha nakimbia nikijisikia tu mpaka wiki ya tatu ya Novemba. Hapo ndipo naanza: siku tano kwa wiki, wastani wa dakika 40 kwa siku, jumla 200. Wiki inayofuata 220, halafu 240, halafu wiki ya nne nashuka mpaka 180. Narudi na 260, 280, 300, nashuka tena. Kwa mtindo huo wa wiki tatu kupanda na moja kupumua, mwanzoni mwa Machi nafika dakika 420, yaani saa saba kwa wiki, siku sita za kukimbia. Ukipiga hesabu ni kama kilomita 70, karibu sawa na zile zilizonivunja mwaka wa kwanza, ila safari hii nimezifikia kwa wiki kumi na tano badala ya nne. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu: naanza na dakika 75, namaliza msimu na saa mbili. Katikati ya wiki, Jumatano, kuna nyingine ya wastani inayofika dakika 90. Wengi huiruka hiyo ya Jumatano kwa sababu ya kazi. Mimi naithamini kuliko hata ya Jumapili, maana bila hiyo Jumapili inabeba mzigo wa wiki nzima peke yake, na mguu unalipa.

Sasa, wepesi. Hapa ndipo nabishana na watu. Wengi wetu tukisema tunakimbia taratibu, bado tunakimbia haraka mno. Mimi nilifundishwa na kaka mmoja wa Eldoret tunayekutana naye Ziwa Nokomis asubuhi, mtu aliyewahi kukimbia kwa ushindani kwao, sasa anafanya kazi ya usiku. Siku ya kwanza nilikwenda naye nikiwa mbele hatua mbili, nikidhani namwonyesha adabu ya mazoezi. Akaniita kwa nyuma: "Ndugu yangu, unakimbizwa na nani? Mashindano ni Juni." Akanirudisha kwenye mwendo wa dakika sita na kidogo kwa kilomita, akaanza kunisimulia habari za shamba la babake, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na kila baada ya muda ananiuliza swali nijibu kwa sentensi ndefu. Kumbe ndicho kilikuwa kipimo chake. Ukiweza kusimulia habari yote bila kukata maneno, mwendo ni sahihi. Ukianza kujibu "ndiyo", "eeh", umepita.

Na si jambo geni kwetu. Nilipokuwa mdogo Arusha niliwaona wanariadha alfajiri kwenye barabara ya Ngaramtoni, wanaanza polepole kama watu wanaokwenda sokoni. Nilidhani wamechoka.

Mwalimu aliyeufanya utaratibu huu ujulikane duniani ni Arthur Lydiard wa New Zealand. Wanariadha wake wote, hata wa mita 800, walipitia kwanza wiki nyingi za kilomita 160, ikiwemo duara la kilomita 35 kwenye vilima vya Waiatarua, kabla hajawaruhusu kugusa mazoezi ya kasi. Mwanafunzi wake Peter Snell alikimbia marathoni nzima Desemba 1961, na Februari 1962, miezi miwili tu baadaye, akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwa 1:44.3, tena kwenye uwanja wa nyasi mjini Christchurch. Huwa namtaja kwa kila anayeniambia kwamba miezi mitatu ya kukimbia taratibu itamuua spidi. Usichukue kilomita zake 160. Chukua mpangilio: msingi kwanza, kasi baadaye.

Baridi yenyewe ni ya kuheshimiwa. Nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiongeza upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi 28 chini ya sifuri na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Mimi nina mipaka: baridi pamoja na upepo ikifika hizo nyuzi 28, nakimbia ndani. Juu ya hapo natoka, lakini naanza kwa kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, nguo zikiwa na jasho, upepo uwe mgongoni. Ukifanya kinyume, jasho lako linageuka barafu kifuani ukiwa kilomita sita kutoka nyumbani. Nimeshayaona hayo na sitaki uyaone.

Nguo: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi kumi. Ukitoka mlangoni unajisikia vizuri, umevaa kupita kiasi. Pamba iache kabatini, inanyonya jasho na kukaa nalo. Fulana nyembamba ya kukimbilia ndani, ya pili yenye joto, ya tatu ya kuzuia upepo, basi. Mikononi, zile glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zinatunza joto kuliko zenye vidole tofauti. Wanaume, tafuteni chupi yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele, sitaeleza zaidi. Paka mafuta mazito usoni. Kuna asubuhi ya nyuzi 22 chini ya sifuri kope zangu za jicho la kushoto ziligandana, nikasimama kando ya ziwa nimeziba jicho kwa kiganja mpaka likafunguka, na maji kwenye chupa niliyoifunga kiunoni yalikuwa yameshakuwa jiwe. Siku hizi chupa naibeba ndani ya koti. Na kunywa ni lazima hata kama kiu haipo. Baridi inaficha kiu.

Kuhusu barafu, nina jozi ya raba zilizochakaa ambazo nimezipigia skrubu fupi za bati, zile zenye kichwa cha pembe sita, urefu wake kama sentimita moja. Kumi na mbili kila raba, kuzunguka ukingo wa soli, mbali na pale soli ilipo nyembamba chini ya vidole. Kichwa cha skrubu ndicho kinachouma barafu. Gharama yake ni dola chache. Njia za kuzunguka maziwa ya mji huu husafishwa theluji, lakini ikiyeyuka mchana na kuganda usiku inabaki barafu nyeusi isiyoonekana, na nyonga ikishateguka msimu umekwisha.

Mashine ya kukimbilia ya jimu siipendi, lakini naitumia, na ina faida moja ambayo njia haina: haibadiliki. Kwa hiyo kipimo changu nakifanyia hapo. Mara moja kwa mwezi, mashine ileile, mwinuko wa asilimia 1, mapigo ya moyo 140, dakika 40. Msimu uliopita Desemba nilipata kilomita 6.3. Machi, mapigo yaleyale, 6.9. Hizo mita 600 ndizo msingi unaojengeka, na huwezi kuziona popote pengine kwa sababu kila siku unayokimbia nje unajiona mzito.

Kasi siifuti kabisa. Mara mbili kwa wiki, mwisho wa mazoezi, nashuka kwenye maegesho ya magari chini ya jengo letu, sakafu kavu, nakimbia sekunde 20 kwa haraka lakini bila kukaza mwili, mara sita, natembea katikati mpaka pumzi irudi. Inatosha kuikumbusha miguu.

Jambo jingine ambalo sisi tuliotoka kwenye jua hatulizungumzi vya kutosha ni vitamini D. Mji huu upo karibu kabisa na nyuzi 45 kaskazini. Jua la Desemba haliipi ngozi nguvu ya kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Mimi nilikuwa na uchovu wa miezi miwili nikidhani ni mazoezi, damu ilipopimwa kiwango kilikuwa chini sana. Nenda ukapime kabla ya kununua vidonge. Dada zetu wanaokimbia, mwombeni daktari apime na akiba ya madini ya chuma, hiyo ikipungua hakuna mpango wa mazoezi utakaofanya kazi.

Wiki ukiugua, au zamu zikibana, usilipe deni. Dakika zilizopita zimepita. Rudi kwenye kiwango cha wiki uliyoishia na uendelee. Na maumivu yanayokufanya ubadilishe hatua yako, hata kidogo, ni siku mbili za kupumzika papo hapo. Mimi niliwahi kukataa hizo siku mbili nikalipa wiki sita.

Mwaka wa pili, baada ya msimu wa kwanza wa dakika, nilikimbia Duluth kwa saa 3 na dakika 31. Lemon Drop niliipanda nikikimbia. Mazoezi ya kasi yalikuwa ya wiki kumi tu, kuanzia Aprili, mara moja kwa wiki, na yule kaka wa Eldoret ndiye aliyenishikia saa.