Kabla ya Kikao cha HAZOP, Mtafuteni Opareta wa Usiku

Kikao cha HAZOP, yaani cha kutafuta hatari za mtambo kipande kwa kipande, kisipokuwa na opareta ni darasa la kusoma michoro tu. Nimeongoza vikao hivi kwenye viwanda vya hapa Mombasa, na orodha ninayoletewa ni ileile: injinia wa uzalishaji, mkuu wa matengenezo, afisa wa usalama, wakati mwingine hata mtu wa uhasibu, sijui wa kazi gani. Opareta je? "Yuko zamu, bwana, hatuwezi kumtoa." Basi kiahirisheni kikao.

Njia hii ilianzia kwenye kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza, miaka ya 1960. Mtambo hugawanywa vipande, tuseme bomba la kutoka pampu hadi tangi, na kila kipande huulizwa: mtiririko ukikosekana je? Ukizidi? Ukirudi kinyume? Joto likipanda? Presha ikishuka? Kwa kila swali mwatafuta chanzo, madhara na kinga iliyopo. Yachosha, tena sana. Msipitishe saa nne au tano kwa siku, maana watu wakishachoka huitikia chochote ili waende zao.

Kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya kula tulifika kwenye laini inayotoka kwenye chombo cha kuondoa harufu. Humo mafuta hupashwa hadi kupita nyuzi 200, kisha hupozwa kabla ya kuingia tangini. Nikauliza: kipoza kikifeli? Injinia akanionyesha kwenye mchoro valvu inayojifunga yenyewe joto likizidi. Karani alikwisha kuanza kuandika kwamba kinga ipo. Opareta, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Hiyo mwaiona kwenye karatasi. Ilikuwa yakwama kila mara, tukaifunga waya ikae wazi." Nikamuuliza kama tangini huwa na maji. "Mvua ikinyesha yaingia kwa juu. Twayatoa tukipata nafasi."

Meneja akaweka simu chini. Mafuta ya joto lile yakikuta maji chini ya tangi, maji hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Paa la tangi halihimili hilo.

Mzee hakuficha kitu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na mbele ya bosi nani atajitia kitanzi? Kwa hiyo mimi humwomba meneja aseme mwisho, swali la kwanza nampa opareta, na kikao chaenda kwa Kiswahili. Ripoti itaandikwa Kiingereza baadaye. Jina la aliyefichua tatizo halimo.

Siku moja kabla, tembeeni na mchoro mkononi, mguse kila valvu. Mchoro wa zamani hudanganya bila nia mbaya.

Msidhani pia kwamba mkishafanya mara moja mmemaliza. Kule Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, tangi moja la mtambo liliondolewa, likawekwa bomba la muda kuunganisha yaliyobaki. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Bomba lilipasuka tarehe 1 Juni, wakafa watu 28. Na viwandani kwetu "la muda" hukaa mpaka lipigwe rangi! Badiliko lolote la bomba, pampu au kemikali lirudi mezani, hata kama ni kwa kikao cha saa moja.

Mkikosa pa kuanzia, sheria ya usalama kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Wawakilishi wa wafanyakazi waliomo humo wanajua waya umefungwa wapi.

Kila jambo mlilokubaliana liwe na jina la mtu mmoja na tarehe. Mkiandika "idara ya matengenezo", hakuna atakayelifanya. Tarehe ikifika, nendeni mkaangalie wenyewe pale kwenye mtambo. Msikubali kuonyeshwa risiti ya kununua valvu mpya ambayo bado iko stoo.